Je, Ukuu wa Mtu Hulifanya Neno Kuwa Kweli?

Hata mtoto wa Mitwaba aweza kuipima namba kwa punje za mahindi. Punje 12 hupangika safu 3 za punje 4. Punje 13 hazikubali: hukaa safu moja tu, ama kila punje peke yake. Namba ya namna hiyo, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, huitwa namba tasa.

Lakini namba kubwa haipimiki upesi. Mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne wa Paris, mtu mwenye elimu kuu, aliandika kwamba 2 zikizidishana 67, kisha ikatolewa 1, hupatikana namba tasa. Nayo ni 147,573,952,589,676,412,927. Kosa hilo lilidumu zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kuwa si tasa. Na mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole akazitaja namba mbili zinazozidishana kuizaa: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Je, hao wawili waliigeuza namba? Hasha! Iligawanyika tangu mwanzo, wala heshima ya Mersenne haikuizuia. Naye hakuwa mwongo kwa kukosea. Mwongo ni yule aonyeshwaye hesabu iliyo wazi, akakataa kuitazama.

Basi, mkubwa akimshtaki mnyonge barazani, asikilizwe kwa adabu, lakini neno lake lipimwe. Kuupima ushuhuda wa mzee si kumdharau. Ni kuuheshimu ukweli, ulio mkuu kuliko sisi sote.