Utabiri na Hatia katika Macbeth

Macbeth, tanzia aliyoiandika William Shakespeare yapata mwaka 1606, imesimama juu ya imani mbili za Waingereza wa zama zake: kwamba mfalme huwekwa na Mungu, na kwamba Shetani ana watumishi miongoni mwa watu. Imani hizo zinapokutana huzaa swali zito: mtu akitenda uovu baada ya kutabiriwa makuu, hatia ni ya nani?

Imani ya kwanza ilitetewa na mfalme mwenyewe. James wa Uskoti, aliyerithi pia taji la Uingereza mwaka 1603, alikwisha kuandika mwaka 1598 kwamba mfalme huwajibika kwa Mungu peke yake, na raia hawana haki ya kumwondoa hata akiwa dhalimu. Mwalimu wake wa utotoni, George Buchanan, alishikilia kinyume chake. Novemba 1605 yakagunduliwa mapipa 36 ya baruti chini ya jumba la Bunge, yakisubiri kumlipua James. Kwa watazamaji waliotoka kwenye hofu hiyo, kitendo cha Macbeth kumuua mfalme wake Duncan kilikuwa kuvuruga ulimwengu mzima. Ndiyo maana katika tamthilia bundi anamuua kozi, farasi wa mfalme wanatafunana, na giza linatanda mchana.

Imani ya pili nayo James aliishi nayo kwa karibu. Dhoruba zilipomsumbua baharini alipomwoa Anne wa Denmark, watu wa eneo la North Berwick, Uskoti, walishtakiwa kwa kuzisababisha kwa uchawi. Miongoni mwao alikuwa Agnes Sampson, mkunga na mganga, aliyeteswa na kuhojiwa mbele ya mfalme. Kijitabu cha mwaka 1591 kinasimulia kuwa James hakusadiki mpaka mwanamke huyo alipomnong'oneza maneno ambayo mfalme na mkewe waliambiana usiku wa harusi. Sampson aliuawa. Katika kitabu chake Daemonologie cha mwaka 1597, James alifundisha kuwa Shetani hatendi lolote bila idhini ya Mungu.

Kwa fundisho hilo, nguvu za Shetani zina mpaka, hivyo uchawi haumwondolei mtu dhima. Wachawi wa tamthilia wanamwambia Macbeth kuwa atatawala, hawamwambii aue. Kabla ya kushika jambia anazihesabu mwenyewe sababu za kujizuia: Duncan ni ndugu yake, ni mfalme wake, tena ni mgeni wake. Anajua, kisha anachagua.

Banquo, mwenzake Macbeth aliyeusikia utabiri pamoja naye, ndiye ushahidi mkubwa zaidi. Katika kitabu cha historia cha Holinshed, ambako Shakespeare alichota kisa, Banquo anashiriki njama ya kumuua Duncan. Shakespeare alimtakasa, kwa kuwa James aliaminika kuwa wa uzao wake. Badiliko hilo la kumridhisha mfalme likaipa tanzia hoja yake kuu: watu wawili wanasikia utabiri mahali pamoja, mmoja anaua, mwingine anajizuia. Utabiri umewafikia wote wawili, lakini nia ya kuua ni ya Macbeth, na hatia ni yake.