Samli na Ridhaa

Je, yafaa kumpunguzia mtu ladha kwa ajili ya afya yake bila ya kumwambia? Suali hili huonekana dogo, la jikoni, lisilostahiki kuketi jirani na mashairi. Nami nililiona dogo, mpaka siku nilipoulizwa na mzazi wangu nikakosa jawabu.

Daktari alimtaka mama apunguze mafuta na chumvi. Mama aliitikia kwa adabu, kisha akarudi nyumbani kwenye biriani yake ya Ijumaa, chapati zake za samli, na mchuzi wa dengu ulioelea mafuta juu kama bahari iliyotulia. Kwa kuwa kazi ya jiko ilikwishaniangukia mimi, nikapitisha hukumu kimya kimya. Vitunguu vya biriani, ambavyo desturi yake ni kuzamishwa katika mafuta, nikavikaanga taratibu kwa kijiko kimoja tu, kwa moto mdogo, nikivinyunyizia maji kila viliposhika. Masala nikayazidishia mtindi mzito. Chapati nikazichoma kavu. Kijiko kimoja cha kulia cha samli kina takriban kalori 120, nami nilikuwa nikivihesabu vijiko nilivyoviokoa kama bakhili ahesabuvyo fedha.

Wiki tatu mama alikula bila ya kusema neno. Wiki ya nne akaiweka tonge sahanini.

"Mwanangu, hii samli umeiondoa wewe, au imeadimika madukani?"

Nikakiri, nikautaja moyo wake na shinikizo la damu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Basi ungelinambia. Ningelikataa siku mbili, ya tatu ningelikubali."

Tangu siku ile yamenishughulisha mambo mawili ambayo mwanzo niliyachanganya. La kwanza ni kama kile nilichompikia kilikuwa biriani. La pili ni kama nilikuwa na haki.

Hilo la kwanza wapenzi wa ushairi watalielewa haraka. Shairi la mizani kumi na sita likipungua mizani mbili, tunaliita guni, wala hatumsamehe mtunzi kwa kuwa alitaka kutupunguzia pumzi. Biriani iliyonyimwa samli inaweza kuwa guni vivyo hivyo: jina lipo, umbo lipo, lakini sikio la ulimi linajikwaa. Nadhani biriani yangu ya wiki zile ilikuwa guni hasa. Lakini utenzi una mizani nane tu katika kipande, wala hakuna anayeuona kuwa ni shairi lililokatwa nusu. Una bahari yake na mwendo wake. Kosa langu la upishi lilikuwa kuchukua pishi la karamu na kulipunguza, ilhali Wahindi wenyewe wana mapishi mengi yaliyozaliwa mepesi.

Sisi wa visiwani tuliyapokea mapishi ya Kihindi kwa mlango wa sherehe. Biriani, sambusa, kachori na halua tulikutana navyo harusini na sikukuu, tukadhani ndiyo meza yao ya kila siku. Katika nyumba nyingi za Gujarat, kulikotoka wengi wa Wahindi wetu wa Unguja, chakula cha kawaida ni mkate mwembamba unaofura juu ya moto mkavu, dengu, wali, mboga na mtindi. Upo pia mkate laini wa unga wa dengu unaopikwa kwa mvuke, waitwao dhokla. Kusini mwa Bara Hindi huroweka mchele na choroko nyeusi, wakavisaga, wakauacha ujiji huo usiku kucha uumuke, kisha wakaupika kwa mvuke ukawa idli. Biringani huchomwa mkaani mpaka ganda liungue, likapondwa kwa kitunguu thomu, pilipili mbichi na ndimu. Hapo hapana kilichoondolewa, kwa hiyo hapana cha kuombolezwa.

Samli nayo isitukanwe. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, na achari za ndimu na tangawizi pembeni. Na huko India aliona watu wakifungua kinywa kwa choroko zilizopikwa pamoja na mchele, nazo zikiliwa kwa samli. Hata chakula chepesi, basi, kilikuwa na samli yake. Sababu yake ni ya kimaumbile: harufu nyingi za viungo huyeyuka katika mafuta kuliko majini. Ndiyo maana mpishi wa dengu huziacha zichemke na maji na manjano tu, na mwisho kabisa akapasha kijiko kimoja cha samli, akatia uzile na haradali mpaka zipasuke, akaimimina juu ya chungu. Kijiko kile kimoja kikitiwa mwisho hufanya kazi ambayo vinne vilivyotiwa mwanzo havikuiweza. Hili nalijua sasa. Wiki zile sikulijua.

Lakini hata lau ningelijua, suali la pili lingebaki.

Gandhi, ambaye naye alitua Zanzibar mwaka 1893 akiwa njiani kwenda Afrika Kusini, amesimulia katika tawasifu yake jinsi mkewe Kasturba alivyougua, naye akamsihi aache chumvi na jamii ya dengu. Mke akamjibu kwamba hata yeye mume asingeweza kuviacha lau angeshauriwa. Papo hapo Gandhi akaweka nadhiri ya kuviacha mwaka mzima, mke aache au asiache. Kasturba akalia, akamwomba aitangue, naye akakataa. Mke akaacha, akapona, na mume akakihesabu kisa hicho miongoni mwa kumbukumbu zake tamu.

Nimekizingatia sana kisa hiki, wala hakinipi raha. Gandhi alinishinda mimi kwa mambo mawili: alisema waziwazi, na mzigo aliojitwisha ulikuwa wake kwanza. Mimi nilikuwa nikila sambusa za barabarani jioni, kisha narudi kumsimamia mama chumvi yake. Hata hivyo, machozi yale ya Kasturba yananisumbua. Mtu aweza kumlazimisha mwenzake kwa kujinyima mwenyewe, na ulazimishaji huo ukawa mzito zaidi kwa kuwa aliyebanwa hana hata wa kumkasirikia. Na katika kitabu kile, aliyeacha chumvi twamsikia kwa kalamu ya mumewe tu. Mama alinyimwa khabari, Kasturba alinyimwa nafasi ya kukataa. Sijui ni yupi aliyedhulumiwa zaidi.

Nyumbani kwetu mambo yamegeuka kidogo. Siku za kazi twala dengu, mboga na mkate mkavu, mimi na yeye sahani moja. Biriani imebaki ya Ijumaa, kwa samli yake kamili, ila sinia limepungua. Dengu zikiiva, mama huja jikoni, huchukua kijiko mkononi mwangu, akaipasha samli na kutia uzile yeye mwenyewe. Juzi alichota kijiko cha pili, akanitazama. Nikainamia chungu, nikakoroga.