Haki ya Pumzi

Hewa ni riziki ya kwanza ya mwanadamu. Mtu aweza kuishi siku nyingi bila ya chakula, na siku chache bila ya maji, lakini bila ya pumzi hamalizi robo saa. Tena chakula twakichagua na maji twayachuja, bali hewa twaivuta kama tulivyoikuta. Kwa hiyo yafaa tuulize: mwenye nyumba ana wajibu gani juu ya hewa ya wale wakaao chini ya paa lake?

Nyumba hujengwa ili izuie. Kuta huzuia upepo, paa huzuia mvua, mlango huzuia mwizi, na wavu huzuia mbu. Kinga hizi hazina lawama. Lakini nyumba izuiayo madhara ya nje na kuyafungia ya ndani imefanya nusu ya kazi yake. Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Wajenzi wa pwani walilitambua jambo hili. Waliweka ukumbi katikati, vyumba ubavuni na jiko uani, ambako moshi ulipata mbingu kuwa dohani yake. Bara, penye baridi, moto uliwashwa ndani ya msonge, na moshi ukajipenyeza polepole katika nyasi za paa. Nyumba nyingi za leo hazina ua wala nyasi. Zina bati, matofali, na jiko dogo lenye tundu moja.

Madhara yake yamekwisha kuhesabiwa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu kiasi cha milioni 3.2, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 walikuwa hawajatimiza miaka 5. Moshi wa kuni walau hutangaza kuja kwake kwa kuchoma macho. Mkaa ni msiri zaidi: sumu yake, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na jiko lililoingizwa chumbani kufukuza baridi laweza kuwaua waliolala.

Atasema mtu, “Mama zetu walipikia kuni wakazeeka.” Ni kweli; lakini waliozeeka tuliwaona, na waliokufa mapema hatukuwahesabu. Atasema mwingine kuwa umaskini ndio chanzo. Hili lina uzito zaidi, maana gesi na umeme vina bei, na asiye na uwezo halaumiwi kwa asichoweza. Lakini ziko nyumba ambamo sebule imepata viti vizuri na jiko halijapata dirisha. Hapo kilichokosekana si fedha. Ashikaye mkoba mara nyingi siye apulizaye moto, na kikohozi cha mwingine hakimwumi mtu kifuani.

Mizani ya haki katika jambo hili ni nyepesi. Kila aamuaye dirisha lifunguliwe wapi na akae jikoni mpaka chungu cha maharage kiive. Akiweza kustahimili, na aseme kuwa hewa ile inafaa. Asipoweza, ajue kuwa amekuwa akila kwa gharama ya mapafu ya mwenziwe.

Dirisha si dawa kamili. Matundu mawili yanayoelekeana hupitisha upepo, na kuni kavu hupunguza moshi, lakini tiba ya kweli ni nishati safi. Tanzania ilizindua mkakati wake katika mwaka 2024, wenye shabaha ya asilimia 80 ya watu wake kupikia nishati hiyo ifikapo 2034. Ni shabaha njema, lakini mkakati hautoboi ukuta wa mtu. Zamani tulikuwa na udhuru wa kutojua. Sasa tunajua, na ajuaye akanyamaza ni mshiriki wa madhara. Chakula kinapoandaliwa, shukrani iliyo kamili ni ile iliyotangulia kumpatia mpishi pumzi yake.