Motokaa Isiyo na Dereva na Dhamana ya Roho

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.):

Ndugu zetu, tumeulizwa katika darasa juu ya motokaa zijiendeshazo zenyewe, ambazo huko Marekani, katika miji kama Phoenix na San Francisco, huchukua abiria pasina dereva. Je, si bid'a? La. Bid'a ni kuzua jambo katika dini, na chombo cha safari si dini. Wazee wetu walioacha punda wakapanda gari la moshi hawakukosa. Tena mashini hailewi wala haisinzii. Ikiwa itapunguza vifo vya njiani, hiyo ni kheri. Swali lenye uzito ni jingine: ikiua, muuaji ni nani?

Jambo hilo limekwisha tokea. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe katika jimbo la Arizona, motokaa ya majaribio ilimgonga mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli, akafa. Wachunguzi wa serikali waliona kuwa mashini ilimwona zaidi ya sekunde 5 kabla ya kumgonga. Mara ilimdhania gari, mara kitu kingine, mara baiskeli; kwani walioitunga hawakuifundisha kuwa watu huvuka hata pasipo kivuko. Breki ya dharura iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa imezimwa na wenye kuijaribu. Na mwangalizi aliyewekwa kitini ili aishike ikilazimu, macho yake yalikuwa kwenye simu. Kampuni haikushitakiwa kwa jinai. Alishitakiwa yule mwangalizi peke yake, naye mwaka 2023 akakiri kosa, akawekwa chini ya uangalizi miaka 3.

Basi na tuitazame Surat an-Nisaa, aya ya 92. Mwenye kuua kwa kukosea, ingawa hakukusudia, amewajibishwa kafara, na diya kwa jamaa za maiti ila wakisamehe. Chuma hakina nia, hakifungi miezi miwili mfululizo, wala hakina mali ya kulipa. Je, haki ya maiti ipotee kwa kuwa usukani haukushikwa na mkono? Kwa kadiri ya fahamu zetu haipotei: humrudia aliyeitunga kwa upungufu, aliyeizima breki, na aliyelala zamu, kila mmoja kwa fungu lake. (Na dereva wetu wa hapa, akeshaye usiku kucha njia ya Nairobi kisha akiua akasema ni kadari, naye ajitazame.)

Ama kuipanda, yafaa. Wallahu aalam.