Jawabu la Msafiri Mbele ya Mwenye Muhuri

Masuala yaletwayo katika darsa yetu hapa Nakuru aghlabu ni ya talaka, mirathi na madeni, na majawabu yake yamo vitabuni. Yataka kufunuliwa tu. Lakini mara moja moja huja suala ambalo mwenye kuliuliza amelibeba moyoni miaka mingi, na kila akisujudu humjia. La leo ni la namna hiyo. Mtu amekwenda katika nchi iliyowekewa vikwazo, nchi ambayo serikali yake mwenyewe imekataza biashara nayo. Arudipo asimama mbele ya afisa wa mpakani, naye amwuliza, "Watoka wapi?" Je, aseme kweli yote? Aseme nusu yake? Anyamaze? Au yuko huru kusema uwongo, ikiwa aona kuwa vikwazo vyenyewe vina dhulma ndani yake?

Aliyeuliza ni mzee wa Bondeni, mtu wa asili ya pwani, aliyeendesha malori kutoka bandari ya Mombasa kwenda bara zaidi ya miaka ishirini. Asema kwamba mwaka 1997 alifika Bujumbura mara mbili. Mara ya kwanza alipeleka matairi na vyuma vya magari kwa niaba ya tajiri mmoja, na karatasi za mzigo ziliandikwa Kigali. Mara ya pili aliliacha lori Kigali likingoja mzigo wa kurudia, akapanda gari la abiria mpaka kwa dadake aliyeolewa Buyenzi, naye ni mgonjwa, akamchukulia sabuni, sukari na dawa. Safari zote mbili, alipoulizwa mpakani wakati wa kurudi, alijibu neno moja: "Natoka Kigali." Na kwa hakika alitoka Kigali, kwani ndiko alikolala usiku wa kabla yake. Linalomsumbua ni ile safari ya pili. Asema, "Nilimficha ndugu yangu wa damu kama mtu afichaye bangi." Ile ya kwanza aiita kazi.

Sisi twaona kinyume chake, na tutaeleza kwa nini. Lakini kwanza tuvieleze vikwazo hivyo, maana vijana wengi hawavijui.

Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alitwaa utawala wa Burundi kwa nguvu za jeshi, akamwondoa Rais Sylvestre Ntibantunganya. Nchi ilikuwa tayari imo katika mauaji tangu Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye. Siku sita baada ya mapinduzi, tarehe 31 Julai, wakuu wa nchi jirani walikutana Arusha, Mwalimu Nyerere akiwa ndiye msuluhishi, wakakata shauri kuifungia Burundi njia za biashara mpaka bunge lirudishwe, vyama viruhusiwe, na wapiganao wakae pamoja wazungumze. Kenya ilikuwamo katika shauri hilo. Na Burundi haina pwani. Vitu vyake hupitia Dar es Salaam na Kigoma kwa njia ya ziwa, au Mombasa kwa barabara hii hii ipitayo mbele ya milango yetu, ipandayo Salgaa na Mau Summit, ikaenda Malaba, Kampala, Katuna na Kigali. Ukizifunga hizo, umeishika nchi kooni. Mwezi wa Aprili 1997 vikwazo vililegezwa kwa chakula, dawa, vitu vya shule na vya kilimo, na tarehe 23 Januari 1999 vikasimamishwa. Mapatano yenyewe yalitiwa saini Arusha mwezi wa Agosti 2000.

Katika muda huo wenye fedha walipata petroli kwa njia za panya, na wasio nazo walikosa hata kile ambacho hakuna aliyekusudia kuwanyima. Hili halina shaka, wala halikuwa la Burundi peke yake. Ndivyo vikwazo vilivyo kila mahali. Lakini si haki kusema kwamba waliokaa Arusha walikuwa watu waovu. Walitaka kuzuia damu, na silaha waliyokuwa nayo isiyomwaga damu ilikuwa hii. Mwenye kuuliza asiseme, "Amri ilikuwa ya dhulma, basi sikuwa na wajibu." Suala si jepesi kiasi hicho.

Wako watakaoleta mfano wa Makka, na ni mfano mzuri, ila usomwe wote. Makuraishi waliandikiana hati wakaitundika ndani ya Al-Kaaba, kwamba wasiwauzie Bani Hashim na Bani Al-Muttalib, wala wasinunue kwao, wala wasioane nao, na hali hiyo ikadumu kiasi cha miaka mitatu. Hakim bin Hizam akamchukulia ngano shangazi yake, Bibi Khadija, na njiani akakamatwa na Abu Jahl, aliyejifanya forodha ya zama hizo, akitaka kumfedhehi mbele ya watu wa Makka. Akatokea Abul-Bakhtari, naye hakuwa Mwislamu, akasema kwamba chakula hicho ni mali ya mwanamke huyo iliyokuwa imewekwa kwa mpwawe. Vipi azuiwe kupelekewa kilicho chake? Wakagombana, Abu Jahl akapigwa kwa taya la ngamia. Watu hupenda sana kulisimulia hilo taya. Mimi lanipendeza zaidi jambo jingine: katika kisa hiki hatusikii kwamba Hakim alisema uwongo. Alikuwa na ngano, ikaonekana ngano, na aliyemtetea alimtetea kwa haki iliyo wazi. Na Hisham bin Amr, aliyekuwa akimpakia ngamia chakula usiku na kumwachia mdomoni mwa bonde, alificha tendo lake, lakini kuficha si kusema uwongo. Hakuna aliyemwuliza akamjibu kinyume.

Tena kuna kisa cha Thumama bin Uthal, mkubwa wa Yamama. Aliposilimu aliwaambia watu wa Makka kwamba haitawafikia hata punje moja ya ngano ya Yamama ila kwa idhini ya Mtume (S.A.W.). Hivyo vilikuwa vikwazo, na safari hii viliwekwa na upande wetu juu ya adui waliotutesa. Makuraishi walipobanwa walimwandikia Mtume wakimkumbusha udugu, naye akamwandikia Thumama aiachie ngano iende. Kwa hiyo njaa ya wanawake na watoto si jambo la kuchezewa hata katika vita vya haki. Lakini angalia pia nani aliyeifungua njia. Aliifungua mwenye amri. Hakuifungua mwenye ngamia mmoja aliyetaka faida ya safari moja.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya safari mbili za mzee wetu. Matairi na vyuma vile havikuwa chakula wala dawa. Vilikwenda kwa sababu bei ya Bujumbura ilikuwa kubwa, na ilikuwa kubwa kwa sababu ya vikwazo. Aliyezifaidi shida hizo hawezi kusema kwamba alikwenda kuziondoa. Juu ya hayo iko ile karatasi. Dereva atiaye sahihi chini ya neno "Kigali" naye ajua kuwa ni Bujumbura, ametoa ushahidi wa uwongo kwa maandishi, na ushahidi wa uwongo umetajwa pamoja na madhambi makubwa. Asema kwamba wenziwe wote walifanya hivyo. Huenda walifanya, nasi hatuna la kuongeza hapo.

Ama lile jawabu la mdomoni, "Natoka Kigali", maulamaa wanalo jina lake: tauria, yaani kusema neno lenye maana mbili, ukakusudia moja huku msikizaji akifahamu nyingine. Sayyidna Abubakar alipoulizwa katika Hijra ni nani huyo aliye pamoja naye, alijibu kwamba ni mtu amwonyeshaye njia. Aliyeuliza alidhani ni njia ya jangwani. Imam Nawawi ameeleza kwamba tauria yafaa palipo na haja au maslaha ya kisharia, na pasipo haja yachukiza, na ikitumiwa kupata batili au kuondoa haki ya mtu ni haramu. Tena iko kanuni nyingine katika viapo: mbele ya mwenye haki ya kukuapisha, kiapo chako hupimwa kwa nia yake, si kwa nia yako. Afisa wa mpakani hakuapishi, ni kweli. Lakini amewekwa hapo aulize, naye auliza kwa ajili ya jambo maalumu, nawe wajua ni jambo gani. Kwa hiyo mwenye lori la matairi aliyesema "Natoka Kigali" alijificha nyuma ya kuta za nyumba isiyo na paa. Waliomfukuza Abubakar walitaka roho ya mtu asiye na hatia. Huyu wa mpakani alitaka kujua mzigo ulikokwenda, na alikuwa na haki ya kujua.

Sasa tuje kwa dada wa Buyenzi. Vikwazo vile vilikataza biashara. Havikumkataza mtu kumtembelea nduguye, na dawa, kufikia katikati ya mwaka ule, zilikuwa zimekwisha kuruhusiwa. Mzee huyu angeweza kusema, "Nilikwenda Bujumbura kumwangalia dadangu mgonjwa," akasimama kwa miguu yake miwili. Kuunga udugu ni wajibu. Hakuwa na deni la kumficha. Basi kwa nini alificha? Nilimwuliza, akafikiri kitambo, akasema, "Sheikh, sisi hatukuzoea kuwaambia kweli."

Neno hilo lataka kuzingatiwa, khasa na sisi wa Bonde la Ufa. Hapa ndipo palipokuwa nchi ya mashamba ya Wazungu. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915, ikatiliwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika alitembea na kipande chake katika kijaluba cha bati shingoni, na aliyeondoka shambani bila ya bwana wake kukitia sahihi alikuwa mtoro. Kisha ikaja Hali ya Hatari, kuanzia Oktoba 1952 hata Januari 1960, ambapo Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kutoka mji hata mji bila ya hati, na maelfu walipakiwa magarimoshi na malori wakarudishwa walikodaiwa kuwa ndiko kwao. Na kule pwani, mpaka wa Tanzania ulipofungwa tangu Februari 1977 hata Novemba 1983, watu wa Vanga na watu wa Tanga, ambao ni ukoo mmoja, walipita usiku kuzikana na kuozana. Mtu aliyelelewa na wazee wa namna hiyo huona dirisha na muhuri, na ulimi wake hujibu kabla ya akili. Twamhurumia. Lakini mazoea yaliyozaliwa na dhulma ya zamani hayawi ruhusa ya milele, na ubaya wake ni kwamba humtendea mtu mwenye haki kama mwenye hatia. Mzee alikuwa na neno la kweli lililo safi, akatoa jingine lililomtia mashaka zaidi ya miaka ishirini.

Kwa hivyo twamjibu hivi. Safari ya pili haina dhambi ndani yake; lile neno lilikuwa na makruhu, amwombe Mwenyezi Mungu msamaha na asijisumbue zaidi. Safari ya kwanza ataka kutubia, kwa ajili ya sahihi yake. Ujira wa kuendesha gari ni wake, kwani alifanya kazi yenyewe, na mali iliyobebwa si haramu kwa dhati yake. Ile nyongeza aliyopewa kwa sababu ya hatari ya kukamatwa ndiyo twaona aitoe sadaka, na ikiwa aweza kuwafikishia masikini wa Buyenzi ni vizuri zaidi. Aliuliza pia kama yampasa aende ofisini leo akajitaje. Haimpasi. Mungu amemsitiri, wala hakuna haki ya mtu binafsi iliyopotea mikononi mwake.

Na mwenye kusafiri leo, iwe ni kwenda kwa jamaa zake kuvuka mpaka wa Somalia, ambao Kenya iliufunga rasmi mwaka 2011 na ambao ufunguzi wake uliotangazwa Mei 2023 uliahirishwa, au kwingineko, ajue kwamba kutosema uwongo si sawa na kusema kila kitu. Ajibu alichoulizwa, kwa ufupi, kwa adabu, na karatasi zake ziwe za kweli. Asiloulizwa si lazima alitaje. Afisa naye, akiwa Mwislamu au si Mwislamu, ameaminiwa, na yule aliyeyaachia magari ya petroli ya matajiri kwa chai, kisha akamnyang'anya mwanamke kilo mbili za sukari, hawezi kumsomea msafiri somo la ukweli.

Amebaki mtu mmoja ambaye mzee hakumwuliza habari yake, nasi twaandika kwa sababu gazeti hili husomwa Mombasa. Ni yule tajiri aliyeziandikisha karatasi. Yeye hakuulizwa lolote mpakani, kwani hakufika mpakani. Alikaa dukani kwake, na dereva pamoja na utingo wake ndio waliosimama dirishani na uwongo wake mkononi. Wako madereva waliokamatwa katika safari za namna hiyo, wakalala rumande na kazi wakaikosa, huku mwenye mzigo akisema hawajui. Aliye hai katika matajiri hao na awatafute madereva wake, au warithi wao, awalipe siku walizokaa ndani na mishahara iliyowapotea. Hiyo ni haki ya watu, na toba ya msikitini peke yake haiilipi.