Noeli haina mgao

Mwaka juzi, wiki ya mwisho ya Novemba, nilikaa na kalamu nikapanga Noeli ya kwetu. Nilichana karatasi moja ya daftari nikaandika: mchele kilo 5, kuku 1, nyanya, vitunguu, mafuta, Fanta 6, majani ya chai, sukari kilo 1. Nikajumlisha. Nikamkata kuku, nikajumlisha tena. Nikamrudisha kuku, nikakata Fanta 3. Nilijiona nina akili sana, maana vijana wa kikundi changu huwa ninawafundisha mambo ya bajeti, na leo nilikuwa ninaitumia nyumbani kwangu.

Nikampelekea mama. Yeye hasomi, kwa hiyo aliniambia nisome kwa sauti. Nilisoma mpaka mwisho. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na batu beko wapi hapa?"

Nikamjibu, mama, hii ni orodha ya chakula, si ya watu. Akasema, "Chakula cha nani sasa?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike. Kila Desemba hapa kambini tunabishana: je, mtu anayeishi kwa mgao ana haki ya kufanya sherehe? Wengine wanasema ni ujinga, unakula siku moja halafu unafunga mwezi mzima. Wengine wanasema ni heshima, hata maskini ana Noeli. Mimi nilikuwa upande wa kwanza, na niliufundisha. Leo sina uhakika kama zamani, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuseme mgao ni nini, kwa sababu ndugu zetu walio nje hawaujui. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, vita vilipowavusha watu wa Kivu Kusini Ziwa Tanganyika mpaka huku Kigoma. Mwaka 2015 walikuja Warundi pia. Mgao ni unga wa mahindi, maharage au dengu, mafuta na chumvi. Kadi inaonyesha nyumba yako ina watu wangapi, na mizani inapima kufuatana na kadi. Huwezi kusema mgao hauhesabu watu. Unahesabu vizuri kuliko karatasi yangu! Lakini kuna mambo mawili hauna. Haukuulizi unapenda kula nini. Na kadi haina mstari wa mgeni.

Nilikuja kuelewa hayo kwa mama mmoja wa klasta yetu, ambaye sitamtaja jina. Nyumba yake ina watu 6. Mwaka fulani, siku chache kabla ya Noeli, aliuza kilo 12 za unga akapata mchele kilo 4. Mimi nilipiga hesabu yangu: nyumba ile ilikuwa inapika kilo moja na kidogo kwa siku, kwa hiyo aliuza ugali wa siku kama 10 ili apate wali wa siku moja. Bila kumtaja, nikautumia huo mfano mbele ya vijana. Nikasema Noeli si lazima, tumbo la Januari ni lazima. Vijana wakacheka, wengine wakaandika.

Kambini neno halilali. Jioni alikuja nyumbani. Hakuja na hasira. Alikaa kwenye kigoda, akasema, "Mwanangu, umehesabu unga vizuri. Lakini ile siku niliwauliza watoto wangu: mnataka kula nini? Unajua walinyamaza? Walikuwa hawajawahi kuulizwa."

Nilikosa jibu. Akaendelea: "Na mwenzangu wa pale chini alikuja, nikamwambia karibu, kaa, kula. Mwaka mzima mimi ndiye naambiwa karibu, panga foleni."

Hapo ndipo nilianza kuona kitu ambacho hesabu yangu haikukiona. Mkimbizi ni mgeni anayekaa miaka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu imepita zamani na jembe lenyewe lina masharti, kwa sababu hata kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Mtu aliye mgeni kila siku anasahau namna ya kuwa mwenyeji. Anajua kupokea, kushukuru, kusubiri jina liitwe. Noeli ni siku moja ambayo anasimama mlangoni kwake na kusema "karibuni" kwa sauti yake. Je, hicho ni kitu cha anasa? Mimi nasema hapana. Wazee wetu wa Baraka na Fizi wakikumbuka Noeli ya nyumbani hawaanzi na mikebuka wala sombe ya mawese. Wanaanza na nani alikuja.

Lakini ngoja, sijamaliza. Ningeishia hapo ningewadanganya.

Ile Januari iliyofuata, mtoto wa mwisho wa yule mama alikuja kwenye mazoezi yetu ya mpira akakaa pembeni. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, nimechoka tu. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Niliwahi kuona uchovu wa namna hiyo, na msomaji wa kambi unaujua bila mimi kueleza. Kukopa harusi, kulipa matanga. Swali langu ni hili: matanga alilipa nani? Mama ndiye aliyekuwa mwenyeji, lakini mtoto naye alilipa sehemu ya deni, na hakuna aliyemwuliza kama anakubali.

Wahubiri wanapenda kutuletea mjane wa Sarepta, kitabu cha kwanza cha Wafalme sura ya 17. Alibakiwa na unga kidogo na mafuta kidogo, akampa nabii kwanza. Unga na mafuta! Kila nikiisikia ninaona kadi ya mgao. Tunaambiwa: toa, pipa halitaisha. Lakini soma tena polepole. Yule mjane aliomba kitu hicho kwa Mungu? Hapana, aliombwa na mtu, tena akapewa ahadi kabla ya kutoa. Na pipa lake halikupunguka. Letu linajazwa kwa tarehe, na miaka hii limepunguzwa zaidi ya mara moja. Kuchukua ule muujiza na kuufanya sheria ya kila nyumba ni kumbebesha mama maskini mzigo ambao mhubiri mwenyewe hataubeba tarehe 10 Januari.

Kwa hiyo nina mambo mawili na yote mawili ni ya kweli. Kuwa mwenyeji ni haki ya mtu, hata wa kambini. Na unga wa Januari wa mtoto si wa mzazi kuutolea ukarimu. Ukishika moja tu, utakosea. Ukishika la kwanza peke yake unakuwa na furaha ya siku moja inayolipwa na mdogo kuliko wote. Ukishika la pili peke yake unakuwa kama mimi na kalamu yangu, unahesabu vizuri na hujui unamhesabia nani.

Kuna wanaotafuta njia ya katikati: pika kidogo, funga mlango, kula na wako, usimwonyeshe jirani. Wanasema hiyo ni huruma, ili watoto wa jirani wasitamani. Mimi nadhani huruma hiyo ina kasoro. Nyumba zetu ni za udongo na zimesongamana. Harufu ya kitunguu kwenye mafuta haijui mlango. Mtoto wa jirani atajua, na atajua pia kwamba umefunga. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo hilihili, sura ya 11: wamekusanyika, lakini kila mmoja anakula chake, huyu ana njaa na yule amelewa. Hakuwaambia waache kula pamoja. Aliwaambia wangojane.

Na hapo kwenye kulewa, akina baba mnisamehe. Katika kila bajeti ya sherehe kuna mstari ambao hauandikwi, nao ni lotoko na kasiksi. Sisemi kinywaji ni dhambi. Mzee akikaa na wenzake chini ya mti na kikombe kimoja, hiyo nayo ni kukaribishana. Ninasema pesa iliyonywewa mahali ambapo mke na watoto hawajakaa haikumfanya mtu yeyote kuwa mwenyeji. Imenunua usahaulifu. Pengine mtu anauhitaji, sibishi, vita vimetuachia mengi. Lakini tusiuite Noeli.

Jirani zetu Waislamu walinisaidia kufikiri. Kwao kuna zaka ya fitri: kabla ya swala ya Idd, kila nyumba yenye uwezo inatoa pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, iwafikie wasio nacho, ili siku hiyo asiwepo wa kuangalia wenzake wakila. Angalia utaratibu huo. Fungu la jirani halitoki kwenye masalio ya sherehe. Linatoka mbele, kabla ya swala, na linahesabiwa kwa vichwa. Ni kama lile swali la mama: batu beko wapi?

Basi nitaeleza tulichofanya, si kwa kujisifu, maana hakikwenda sawa chote. Kuanzia Juni mwaka jana nyumba 7 za klasta tulikubaliana kila siku ya mgao kuweka pembeni kikombe kimoja cha maharage na sarafu kidogo, aliyepata kibarua aongeze. Kikombe kimoja mtoto hatakisikia tumboni. Kilo 12 kwa siku moja atazisikia. Kwa hiyo deni la Januari tulilivunja vipande tukalilipa mapema, tukiwa tunajua. Nyerere alisema kupanga ni kuchagua, na Watanzania wanalipenda sana neno hilo. Mimi ningeongeza: chagua pamoja na watakaolipa. Tuliwaita hata watoto. Wao walichagua maandazi na Fanta, watu wazima wakachagua sombe, kwa sababu sombe ina adabu, akija mgeni mmoja zaidi unaongeza maji na haimwaibishi mtu. Wali ulikuwa wa vijiko tu. Kuku walikuwa 2 kwa watu 38. Tulikata vipande vidogo mpaka mzee mmoja akauliza kama kuku wameangukia kwenye mashine.

Nyumba moja haikuchangia tangu Septemba, na siku yenyewe hawakutokea. Mimi nilitaka kuwapelekea sahani yao. Nilidhani huo ndio wema. Mama akanizuia. Alimtuma mdogo wangu akaombe kwao kinu, eti cha kwetu kimepasuka. Cha kwetu hakikuwa kimepasuka. Baba wa ile nyumba alikuja amekibeba kinu begani, mke wake nyuma na mchi, watoto nyuma yao. Walitwanga sombe pamoja na wengine, na chakula kilipoiva hakuna aliyewaambia karibuni. Walikuwa wameshakaa.

Nimeliwaza sana lile tendo. Kulikuwa na uongo mdogo ndani yake, na mwalimu wangu wa dini angeniuliza kuhusu huo uongo. Sina jibu safi. Ninachojua ni kwamba sahani yangu ingewafanya wageni mara nyingine tena, foleni nyingine tena, safari hii mlangoni kwa jirani. Kinu kiliwafanya wenyeji.

Kwa hiyo swali letu la kila Desemba, kama ni haki kusherehekea katika shida, sasa ninalijibu kwa maswali mengine matatu. Nani atakaa? Nani atalipa, na je, ameulizwa? Nani hana cha kuleta, na tutamwomba nini? Nyumba ikiweza kujibu hayo, ipike, hata kama ni sombe tupu na chai ya rangi. Isipoweza, hata ng'ombe mzima hatafanya sherehe.

Yule mama wa kilo 12 nilimfuata Desemba jana nikamwomba msamaha kwa kumfanya mfano mbele ya vijana. Alisema yameisha. Halafu akasema, "Lakini nawe ulikuwa na haki kidogo. Yule mdogo alikonda." Hatukuongeza neno. Tulikaa tukachambua majani.

Mwaka huu nimechukua tena karatasi ya daftari. Nimeanza na majina, yamefika 41, na mama bado anataja wengine. Mchele hatujauandika.