Majina Juu ya Barafu

Kuna picha moja ambayo nimeshindwa kuitoa kichwani, nayo haikuchorwa kwa rangi. Iliandikwa karibu na mwaka 1380 na Geoffrey Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyekuwa na kazi ya kukagua hesabu za ushuru wa sufu katika bandari ya London. Katika shairi lake refu kuhusu Jumba la Umaarufu anaota tai anambeba hadi kwenye kasri lililosimama juu ya mwamba. Akiukaribia, anaona kwamba mwamba wenyewe ni barafu. Ubavuni yamechongwa majina ya watu waliovuma zamani. Upande mmoja joto limeyeyusha herufi, majina hayasomeki. Upande wa pili yamebaki kama yaliyoandikwa leo asubuhi. Wenye majina hayo hawakuwa bora kuliko wenzao. Kivuli cha kasri kinawakinga, basi.

Ndani ameketi Bibi Umaarufu, mwenye macho mengi kama manyoya ya ndege. Waliotenda mema wanapiga magoti kuomba wakumbukwe. Kundi la kwanza ananyima. La pili, lenye haki ileile, analipakaza matope kwa tarumbeta nyeusi. La tatu analipa kuliko lilivyostahili. Sababu? Amependa tu.

Watawala hawakusubiri huruma ya bibi huyo. Edward wa Tatu, mfalme aliyempa Chaucer kazi ile ya ushuru, alitoa mwaka 1344 sarafu ya dhahabu inayomwonyesha amesimama merikebuni na upanga na ngao. Ameijaza merikebu nzima peke yake. Mabaharia hawamo.

Ningependa kumcheka, lakini sina uso. Nilipokuwa mwalimu kijana nilipewa kazi ya kutunga maneno ya kibao cha ufunguzi wa darasa jipya. Wazazi walikuwa wamesomba mawe na mchanga kwa miezi. Niliandika jina la mgeni rasmi, cheo chake na tarehe. Alikaa nasi kwa muda usiofika saa moja. Nilijiambia kibao ni kidogo, na hilo lilikuwa kweli, ila hata neno “wazazi” lingeenea.

Bibi mmoja aliyekuwa akituchotea maji ya kukorogea saruji aliniomba nimsomee. Nikamsomea.

“Ni hayo tu, mwanangu?”

“Ni hayo tu, bibi.”

Akashukuru, akaenda zake. Shukrani ile ndiyo inayonisumbua, maana angegomba ningejitetea.

Katika ndoto yake, Chaucer anaulizwa kama naye amekuja kutafuta umaarufu. Anakataa: yatosha, akifa, asiwepo wa kulichezea jina lake. Namwamini nusu. Aliyesema hivyo alikuwa na kalamu mkononi, na jina lake akalitia ndani ya shairi lilelile.

Mwaka jana nilipita pale shuleni. Kibao kiko ukutani, chini ya paa la baraza, mahali pasipofika jua wala mvua. Herufi zote bado zinasomeka.